Udongo wa magadi: jinsi ya kuutibu kwa jasi na salfa

Kila msimu wa kuandaa mashamba ukifika, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nimemwagilia asubuhi, jioni maji bado yamesimama, nikichimba chini yake nakuta pakavu. Nifanye nini?" "Nimeambiwa niweke salfa. Niweke kiasi gani?" "Jasi si ndiyo chokaa?" Nimejibu kwa simu, nimejibu njiani, nimejibu nikiwa nimesimama kwenye mfereji. Sasa naandika yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao ningekufuatanisha nao kama tungekuwa shambani kwako.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa tambarare kavu zenye magadi: Kahe, Mabogini, Arusha Chini, nyanda za chini za Mwanga na Same, zote mkoani Kilimanjaro, na maeneo yanayofanana nayo popote ulipo. Kama shamba lako ni kichanga cha Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, tafadhali usiufuate. Huko salfa inapulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, robo kilo kwa mti kila mzunguko, na miaka ikipita udongo wa chini ya miti unazidi kuwa mchachu. Udongo huo hauhitaji tindikali zaidi, unahitaji chokaa. Salfa ni ile ile, ila ugonjwa wa ardhi ni mwingine kabisa.

Kinachotokea ardhini, kwa ufupi

Mfinyanzi ni vibamba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kalsiamu ikiwa nyingi, vibamba hushikana na kuwa chembechembe, na kati ya chembe na chembe kunabaki matundu ya maji, hewa na mizizi. Sodiamu ikizidi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye magadi, vibamba huachiana na kuelea kila kimoja peke yake. Aliyewahi kutia magadi kwenye makande anajua yanavyolainisha kitu kigumu mpaka kikavurugika. Udongo nao unavurugika hivyo hivyo: ukilowa ni uji, uji unaziba matundu, na ukikauka unakuwa tofali.

Sasa salfa. Salfa yenyewe haishikanishi chochote. Bakteria wa udongoni wanaila na kuigeuza tindikali ya salfa. Kilo 1 ya salfa inatoa takriban kilo 3 za tindikali. Tindikali hiyo inayeyusha chokaa iliyolala ardhini, na kinachozaliwa hapo ni jasi, jiwe laini lenye kalsiamu na salfa. Kwa maneno mengine, ukiweka salfa unatengeneza jasi ndani ya shamba lako mwenyewe, kwa kutumia chokaa yako mwenyewe. Kalsiamu ya jasi inaisukuma sodiamu itoke kwenye mfinyanzi, na maji yanaibeba sodiamu kwenda chini au nje.

Kwa hiyo kazi ina watu watatu: kalsiamu, maji, na njia ya maji kutokea. Akikosekana mmoja, fedha yako imezama. Wengi walioniambia "salfa haifanyi kazi" walikuwa na salfa nzuri tu. Walichokosa ni chokaa ardhini au mtaro.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chupa tatu nyeupe za maji zenye vifuniko, na glasi mbili za kioo.
- Maji ya mvua, lita 5 hivi. Maji ya kisima hayafai kwa vipimo, chumvi yake inadanganya.
- Siki nyeupe, chupa ndogo.
- Jembe, sururu, futi kamba, mifuko safi ya kubebea udongo.
- Jasi ghafi iliyosagwa. Kwa watu wa Kilimanjaro chimbo lililo karibu ni Makanya, wilayani Same. Gharama kubwa itakuwa usafiri, si mawe yenyewe. Kenya jasi inachimbwa Kajiado.
- Salfa ya unga, kama vipimo vitaonyesha unaihitaji. Unga laini; ya mabonge itachukua zaidi ya msimu kuliwa.
- Samadi iliyoiva, au makapi ya mpunga.
- Barakoa, miwani ya kuzuia vumbi, glavu na shati la mikono mirefu.
- Uhakika wa maji kwa angalau miezi miwili mitatu.

Usinunue jasi wala salfa ya shamba kabla ya kumaliza hatua ya 5; kwa sasa pata jasi kidogo tu ya kipimo cha hatua ya 1. Narudia hili kwa sababu wengi wanaanzia dukani.

Hatua ya 1: Uliza udongo wenyewe kwa glasi

Chukua bonge kavu la udongo, ukubwa wa punje ya mahindi, kutoka kwenye kiraka kibaya. Mimina maji ya mvua kwenye glasi, subiri yatulie, kisha dondosha bonge polepole. Usikoroge. Usitikise meza. Weka glasi dirishani ambapo mwanga unapita.

Angalia baada ya dakika 10, baada ya saa 2, na tena kesho yake asubuhi. Kuna majibu matatu:

Bonge limebaki zima, maji meupe safi. Tatizo lako si magadi.

Bonge limemomonyoka na kuwa rundo la chembe, lakini maji bado ni safi. Hapa udongo umekosa mboji tu. Weka samadi, acha kuchoma mabua, punguza kulima ukiwa umelowa. Jasi na salfa hazitakusaidia.

Bonge limezungukwa na wingu, kama tone la maziwa lililoangukia kwenye maji, na wingu linazidi kutanda mpaka huoni bonge. Huo ndio udongo wa magadi. Vibamba vinaachiana mbele ya macho yako bila mtu kuvigusa.

Fanya hivyo hivyo kwa bonge kutoka kiraka kizuri cha shamba lile lile, uone tofauti.

Kisha fanya kipimo cha pili, ambacho ndicho kilichonishawishi mimi zaidi ya maneno yote niliyowahi kusikia. Chukua chupa mbili, tia kila moja vijiko viwili vya udongo na ujaze maji ya mvua. Kwenye chupa moja ongeza nusu kijiko cha chai cha jasi. Tikisa zote kwa nguvu dakika nzima, uziache zimesimama usiku kucha. Asubuhi nilikuta chupa isiyo na jasi bado ina rangi ya chai ya maziwa. Ile yenye jasi ilikuwa imetulia: tope chini, maji juu meupe, nikaweza kuona mistari ya kiganja changu kwa upande wa pili. Udongo ule ule, maji yale yale. Ukiona hivi, ujue udongo wako utaitikia.

Hatua ya 2: Tafuta chokaa kwa siki

Hapa ndipo unapoamua kati ya jasi na salfa.

Siki inatoa povu ikigusa chokaa. Lakini inatoa povu pia ikigusa magadi, na hapo ndipo watu wanapokosea. Kwa hiyo osha udongo kwanza: tia kikombe cha udongo kwenye chupa ya maji ya mvua, tikisa, acha usiku mzima, mwaga maji ya juu. Rudia mara mbili. Magadi yanayeyuka na kuondoka na maji, chokaa inabaki. Kausha udongo huo juani, kisha udondoshee siki ukiwa umesogeza sikio karibu.

- Povu linaonekana au linasikika likichemka: kuna chokaa. Salfa itafanya kazi.
- Kimya: hakuna chokaa ya kutosha. Tumia jasi pekee. Salfa hapa itaongeza uchachu bila kuleta kalsiamu.

Angalia pia ukichimba: kwenye mbuga nyeusi mara nyingi utakuta vijiwe vyeupe kama punje za mahindi vinavyopondeka kwa kucha. Hiyo ni chokaa. Dondoshea siki uhakikishe.

Hatua ya 3: Chimba shimo la mita moja

Chimba katikati ya kiraka kibaya, kina cha mita 1 au zaidi kidogo. Acha mpaka kesho yake.

Ukikuta maji yamejikusanya shimoni, maji ya ardhini yako juu mno. Chumvi utakayosukuma chini itapanda tena jua likiwaka. Simama hapa. Kazi yako ya kwanza ni mtaro wa kutolea maji, na mara nyingi hiyo ni kazi ya majirani wote wa mfereji mmoja, si ya mtu mmoja. Nimeona mtu ametandaza jasi nzuri kwenye majaruba yasiyo na mtaro. Miezi minne baadaye ukoko wa chumvi ulikuwa umerudi pale pale.

Kama shimo ni kavu, tazama ukuta wake. Ukiona tabaka gumu ambalo sururu inadunda, pima liko kina gani na uandike. Utalipasua kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Peleka udongo maabara

Vipimo vya nyumbani vinakuambia ugonjwa. Dozi inatoka maabara.

Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 ukitembea kwa kupindapinda ndani ya kiraka kibaya, kina cha sentimita 0 hadi 15. Changanya kwenye ndoo safi, chukua nusu kilo. Fanya tena kwa kina cha 15 hadi 30, mfuko wake peke yake. Usichanganye kiraka kizuri na kibaya. Wastani wa mgonjwa na mzima haumtibu yeyote. Usitumie ndoo iliyokuwa na mbolea.

Tanzania kituo cha utafiti wa udongo ni TARI Mlingano, Tanga, na SUA Morogoro wana maabara ya udongo. Kenya kuna maabara za KALRO, Kabete. Omba vipimo hivi kwa majina: pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua), kiasi cha chumvi, sodiamu inayobadilishana, na uwezo wa udongo kushika virutubisho, ambao maabara huuandika CEC. Peleka pia lita 1 ya maji unayomwagilia, uombe sodiamu na bikaboneti.

Ukipata majibu, gawanya sodiamu kwa CEC, zidisha kwa 100. Ikizidi 15, na pH imepita 8.5, una udongo wa magadi uliokamilika. Kwa mfinyanzi mzito matatizo huanza hata kabla ya hapo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya dozi

Usiogope, ni kuzidisha tu. Tuseme CEC ni 25 na sodiamu ni 6, zote kwa kipimo cha maabara cha cmol/kg. Sita gawanya kwa 25 ni asilimia 24. Unataka kushuka mpaka asilimia 10, yaani sodiamu ibaki 2.5. Cha kuondoa ni 6 toa 2.5, sawa na 3.5.

Kwa kila 1 ya kuondoa, katika kina cha sentimita 15, unahitaji:

- Jasi safi: kilo 700 hivi kwa ekari, au kilo 17 kwa kiraka cha mita 10 kwa 10.
- Au salfa safi: kilo 130 hivi kwa ekari, au kilo 3.2 kwa kiraka hicho hicho.

Kwa mfano wetu wa 3.5, jasi ni kama tani 2.5 kwa ekari. Ongeza robo kwa sababu si yote inayofika inapotakiwa: tani 3. Kama jasi yako ina usafi wa asilimia 80, gawanya kwa 0.8: karibu tani 3.8. Salfa kwa kazi hiyo hiyo ni kilo 455 kwa ekari.

Ukiangalia haraka utasema salfa ni rahisi, mzigo mdogo. Ni kweli mzigo ni mdogo. Lakini jasi inaanza kazi siku maji yanapoigusa, salfa inasubiri bakteria wiki nyingi au miezi. Mapendekezo yangu: kama chokaa ipo na pH imepita 9, changanya, nusu ya dozi kwa jasi na nusu kwa salfa. Jasi inafungua matundu mapema ili maji na hewa vipite, na hewa ndiyo inayowapa bakteria wa salfa uhai. Kama huna chokaa, jasi yote.

Na anza na kiraka cha mita 10 kwa 10. Kwa mfano huu ni kilo 60 za jasi, ukiongeza robo ni 75. Hizo unaweza kubeba kwa bodaboda safari mbili. Ekari nzima subiri uone.

Hatua ya 6: Andaa shamba

Pasua tabaka gumu ulilolikuta shimoni, kwa sururu kwenye kiraka, kwa trekta kwenye ekari. Lima udongo ukiwa na unyevu kidogo tu: ukiufinya unashikana, ukiugonga kwa kidole unavunjika. Ukilima magadi yakiwa tope unaharibu kwa siku moja kile utakachokitibu kwa mwaka.

Sawazisha, kwa uangalifu. Maji yakikimbilia kona moja, kona ile itaoshwa na kwingine kutabaki na chumvi. Kisha weka matuta ya kuzunguka, kama jaruba la mpunga, na tundu la kutolea maji kwenda mtaroni.

Hatua ya 7: Mwaga na uchanganye

Kwa jasi: tandaza sawasawa, changanya na sentimita 10 za juu. Usiifukie chini sana. Maji yataishusha yenyewe.

Kwa salfa: vaa barakoa na miwani. Vumbi la salfa likiingia machoni linawasha vibaya na hulisahau. Usivute sigara karibu, usiiweke stoo moja na mbolea ya CAN wala petroli, kwa sababu salfa inashika moto na moshi wake unabana kifua. Changanya salfa na mchanga mkavu mara tatu ya ujazo wake ili isambae sawa, mwaga asubuhi kabla ya upepo, kisha ichanganye na udongo vizuri kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Salfa iliyobaki juu ya udongo mkavu itakaa pale ya njano mwaka mzima.

Usijaribu kuikoroga kwenye maji ya mfereji. Salfa haiyeyuki. Nilishaona utando wa njano ukielea juu ya maji, ukasukumwa na upepo mpaka tutani, na kukwama hapo. Jaruba zima halikupata kitu, tuta likapata dozi ya kuua.

Baada ya hapo tandaza samadi, ndoo 20 hivi kwa kiraka cha mita 10 kwa 10, nayo uichanganye. Bakteria na mizizi ndio watakaoshikilia chembe baada ya kalsiamu kuziunganisha.

Onyo kuhusu vitu vinavyofanana majina

Nimewahi kuulizwa kuhusu vyote hivi, kwa hiyo nijibu mara moja.

*Chokaa si jasi.* Chokaa ya kupaka ukuta au ya mashamba inapandisha pH. Kwenye udongo wenye pH ya 9 haiyeyuki na haitoi kalsiamu. Vile vile majivu: usiweke.

*Jasi ya dari si jasi ghafi.* Unga wa kupigia dari umechomwa, ukilowa unaganda. Tafuta ya mgodini iliyosagwa.

*Mrututu si salfa.* Yale mawe ya bluu yana shaba. Kwa kilo tunazozungumzia utaua udongo kwa muda mrefu sana.

*Shabu* inafanya kazi kama tindikali, ni kweli, lakini inahitajika nyingi mno kwa shamba.

*Maji makali ya betri, hapana.* Ni tindikali ya salfa kweli, na kuna nchi wanamwaga tindikali hiyo mashambani kwa mitambo maalumu. Lakini iliyotoka kwenye betri ina risasi, na hata ikiwa mpya inaunguza ngozi na kupofusha. Hakuna shamba linalostahili macho yako.

Hatua ya 8: Maji

Kama umetumia jasi: jaza jaruba kina cha sentimita 8 hadi 10, acha yashuke yenyewe, kisha jaza tena. Jasi inayeyuka kidogo sana, kama gramu 2.4 kwa lita, kwa hiyo tani 3 kwa ekari zinahitaji jumla ya sentimita 30 hadi 40 za maji kuyeyuka. Gawa mara nne au zaidi, wiki kwa wiki. Maji yakikataa kushuka kabisa siku mbili tatu, yatoe kwa tundu, usiyaache yakauke hapo hapo, maana yatakuachia chumvi yake.

Kama umetumia salfa: usifurike kwanza. Hapa ndipo makosa makubwa yanapotokea. Bakteria wa salfa wanahitaji joto, unyevu na hewa, vyote vitatu. Mwagilia kidogo, udongo uwe kama nguo iliyokamuliwa, udumishe hali hiyo wiki 6 hadi 10. Joto la tambarare zetu linawafaa sana. Baada ya hapo ndipo ufurike na kuosha kama kwa jasi. Ukifurika mapema, hewa inaisha, na bakteria wa aina nyingine wanageuza salfa iliyokwisha kuwa tindikali kuwa gesi ya mayai viza, ambayo inaunguza mizizi.

Wakati mzuri wa salfa ni baada ya kuvuna, kabla ya mvua kubwa. Bakteria wafanye kazi wakati wa joto, masika yaje kuosha.

Hatua ya 9: Zao la kwanza

Panda mpunga kama maji yapo. Unavumilia magadi, na maji yanayosimama jarubani yanaendelea kuosha. Pasipo maji ya kutosha, panda nyasi za Rhodes au sesbania, mmea wa jamii ya kunde. Mizizi yake inashuka na kufungua njia, na sesbania unaweza kuilima ndani ikiwa bado laini. Pamba nayo inavumilia.

Maharage na vitunguu usiweke mwaka wa kwanza. Vinateseka mapema kuliko mazao karibu yote.

Kuhusu mbolea, chagua SA (salfeti ya amonia) badala ya urea mpaka pH ishuke. Kwenye udongo wa magadi urea ikiachwa juu inapotea hewani kama gesi, na SA ina salfa asilimia 24 inayosaidia kuelekea uchachu. Haitoshi kuwa tiba, lakini inavuta upande wako.

Hatua ya 10: Pima tena

Rudia kipimo cha glasi kila baada ya miezi miwili, bonge kutoka pale pale. Wingu likipungua, unaelekea pazuri. Piga pia kopo la lita 1 lisilo na kitako ardhini sentimita 5, lijaze maji, uandike dakika zinazopita mpaka yaishe. Namba hiyo, uliyoiandika kabla na baada, ni ushahidi usiobishaniwa. Maabara rudi baada ya mwaka. pH ikifika kati ya 7.5 na 8, acha salfa. Usitafute 6.

Mambo yakienda vibaya

*Salfa bado inaonekana ya njano baada ya miezi mitatu.* Ama ilikuwa ya mabonge, ama udongo ulikauka, ama ilibaki juu. Ichanganye tena, tia samadi, rudisha unyevu. Haijapotea.

*Harufu ya mayai viza, mizizi ya mpunga myeusi.* Maji yamekaa mno. Toa maji yote, acha jaruba lipumue mpaka lianze kupasuka nyufa nyembamba, kisha rudisha maji kina kidogo.

*Ukoko mweupe umezidi baada ya kuweka jasi.* Mara nyingi hii si mbaya mwanzoni. Sodiamu imetoka kwenye mfinyanzi na sasa iko kwenye maji, inasubiri kubebwa. Endelea kuosha. Ukioshea mara tatu nne na bado upo, rudi kwenye shimo la hatua ya 3, maji ya ardhini yamepanda.

*Ukoko mweusi wenye utelezi.* Huo ni magadi makali yaliyoyeyusha mboji. Kwangua sentimita mbili za juu utupe nje ya shamba, kisha ongeza dozi mahali hapo.

*Mvua ya kwanza imefanya udongo ugande zaidi.* Maji ya mvua ni masafi mno, hayana chumvi ya kuwabana vibamba wasiachiane. Ndiyo maana ni muhimu kuwa na jasi iliyobaki kwenye sentimita za juu mvua inapoanza. Tandaza kidogo, kilo 10 kwa kiraka, kabla ya masika.

*pH imeshuka chini ya 5.5.* Umezidisha salfa, au hakukuwa na chokaa na siki ilikudanganya. Sasa ndiyo wakati wa kutumia chokaa, kidogo kidogo, huku ukipima.

*Ilikuwa nzuri mwaka mmoja, imerudi.* Tazama maji unayomwagilia. Mito na visima vinavyopata maji kutoka miamba ya volkano, hasa upande wa Mlima Meru wa Arusha, hubeba sodiamu na bikaboneti. Bikaboneti inaikamata kalsiamu na kuigeuza chokaa tena, na sodiamu inabaki peke yake kwenye mfinyanzi. Maji hayo huwezi kuyabadilisha, kwa hiyo weka jasi kidogo kila mwaka kabla ya kuanza kumwagilia, kiasi unachokipata kutoka kwenye majibu ya maji uliyopeleka maabara. Njia rahisi niliyoizoea ni kuweka kiroba cha jasi chenye matundu pale mfereji unapoingilia shambani, jiwe juu yake, maji yapite yakiilamba. Kiroba kikinywea, jaza kingine.